Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari: Somo la Kupima na Kutunza Mazingira ya Kituo Chetu

Somo la safari hii tunalianza kwa kisa kilichotufika sisi wenyewe, kwa kuwa anayehubiri usafi hana budi kuonyesha mikono yake kwanza.

Asubuhi moja mama mmoja alifika kwenye meza ya mapokezi kulalamika kwamba jirani yake huchoma takataka za plastiki kila jioni, na kwamba moshi huingia katika chumba anamolala mjukuu wake mwenye pumu. Tulimkaribisha, tukamsikiliza, tukaandika maelezo yake. Alipokwisha kutia sahihi aliinua uso, akanusa, kisha akatazama dirishani. Nyuma ya ofisi, katika shimo letu la taka, moshi ulikuwa ukipanda. Akauliza kwa upole, "Afande, kumbe na hapa mnachoma?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 imeongeza nguvu haki hiyo, na wako askari wenzetu wa kikosi cha ulinzi wa mazingira ambao kazi yao ya kila siku ni kulinda mabwawa, misitu na mito. Askari hao wanapomwambia mwananchi aache jambo fulani, naye akajibu kwamba ameliona jambo hilo hilo kituoni, kazi yao inakuwa ngumu maradufu. Ndiyo maana tuliamua kujichunguza, na yale tuliyojifunza ndiyo tunayowaletea hapa.

1. Kwa nini tupime kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kosa letu la kwanza lilikuwa kutaka kutengeneza kabla ya kujua kilichoharibika. Tulibandika matangazo ya "Zima taa" kwenye kila mlango, tukaridhika. Baada ya miezi mitatu hakuna aliyeweza kusema kama matangazo yale yamesaidia, kwa sababu hakuna aliyejua tulianzia wapi.

Mpelelezi hamkamati mtu kwa kumdhania, bali hukusanya ushahidi kwanza. Basi na mazingira ya ofisi yachunguzwe hivyo hivyo. Chukueni mwezi mmoja mzima msibadilishe lolote, andikeni tu. Mwezi huo ndio utakuwa mwezi wa msingi, na kila mwezi utakaofuata utalinganishwa nao.

Tena, kipimo kisiwe jumla tupu. Kituo kilichofungua majalada 200 hakiwezi kulinganishwa na kilichofungua majalada 50. Kwa hiyo gawanyeni: karatasi kwa idadi ya majalada, mafuta kwa kilomita, maji na umeme kwa idadi ya watu wanaotumia jengo, wakiwemo mahabusu. Hapo ndipo mtajua kama mmeongeza kazi au mmeongeza upotevu.

2. Mafuta na umeme

Hapa nchini umeme wa gridi hutokana kwa sehemu kubwa na maji ya Mto Nile, katika mabwawa kama Nalubaale, Bujagali na Karuma. Umeme wa namna hiyo hautoi moshi mwingi. Lakini kila lita ya dizeli inayoungua katika gari au jenereta hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, ile inayochangia kuongeza joto la dunia. Kwa hiyo ofisi yenye magari ya doria ikitaka kupunguza madhara yake, ianze na tangi la mafuta, kisha ndipo igeukie balbu.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Dereva aandike usomaji wa kilomita na lita zilizojazwa kila anapojaza. Tuseme gari limetumia lita 120 kwa kilomita 1,000. Hizo ni lita 12 kwa kila kilomita 100. Mwezi unaofuata, kwa mwendo ule ule, limetumia lita 150. Sasa ni lita 15 kwa kila kilomita 100. Lita 30 zimeongezeka, na sababu itafutwe. Huenda magurudumu hayana upepo wa kutosha. Huenda chujio la hewa limeziba. Huenda gari huachwa likinguruma nje ya mahakama huku askari wakingoja kesi iitwe. Na huenda, tuseme kweli, mafuta hayakuingia yote kwenye tangi. Daftari la mafuta humlinda dereva mwaminifu dhidi ya kushukiwa bure, na humfanya asiye mwaminifu afikiri mara mbili.

Hata hivyo tuwekeane mpaka. Mafuta hayapunguzwi kwa kuacha kuitikia wito wa mwananchi. Kituo kitakachojivunia kutumia lita chache ilhali watu wameibiwa bila kufikiwa kitakuwa kimeikimbia kazi yake.

Kuhusu umeme, someni mita kila Jumatatu asubuhi, saa ile ile. Taa kumi za mirija ya wati 36 zikiwaka bure usiku kucha, saa 12, hutumia uniti 4.32, kwa usiku 30 ni uniti 129.6. Mkiweka taa za LED za wati 18, matumizi yanashuka kwa nusu. Mkizizima katika ofisi zisizo na mtu, hayabaki hata hayo. Mapokezi, lango na mahabusu zibaki na mwanga kwa usalama wa wote.

3. Maji

Maji hupotea kimya kimya. Ikiwa bomba linadondoka, wekeni bilauri ya mililita 250 chini yake na mtazame saa. Ikijaa kwa nusu saa, bomba hilo linamwaga lita 12 kwa siku, yaani lita 360 kwa mwezi, sawa na jerikeni 18 za lita 20. Katika mtaa ambao akina mama hununua maji kwa jerikeni, bomba la serikali linalodondoka mbele yao ni aibu. Washa ya mpira ndani ya bomba ni kitu cha bei ndogo sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna na njia ya kupata maji zaidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hupokea lita 4,000. Hata zikipotea lita 800 kwa kumwagika, mnabaki na lita 3,200 za kuoshea magari, kusafishia vyoo na kumwagilia miti. Kinachohitajika ni mfereji wa paa, tangi lenye kifuniko, na mtu wa kusafisha majani.

4. Karatasi

Ukurasa mmoja wa A4 wa karatasi ya kawaida ya ofisi una uzito wa gramu 5, na rimu ya kurasa 500 ni kilo mbili na nusu. Hesabuni rimu zinazofunguliwa, mgawanye kwa majalada. Barua za ndani zichapishwe pande zote mbili. Nakala zilizokosewa zitumike upande wa pili kwa rasimu, ikiwa hazina habari za siri. Maelezo ya mashahidi na hati za mahakama zifuate utaratibu wake, bila kuguswa kwa kisingizio cha kubana matumizi.

Hapa lipo kosa letu la pili, na lilituuma kuliko la kwanza. Mwezi wa pili wa kupima, karatasi zilipungua sana, tukapongezana. Baadaye tulipowauliza wananchi waliokuwa kwenye benchi, tuligundua kwamba wengine walikuwa wakitumwa kwenye kibanda cha fotokopi ng'ambo ya barabara ili wakalipie nakala za fomu wenyewe. Akiwemo kijana aliyepigwa, aliyetakiwa kuleta nakala ya fomu ya uchunguzi wa daktari akiwa bado anavuja damu. Karatasi haikuwa imeokolewa hata moja. Tulikuwa tumeuondoa mzigo kwenye daftari letu, tukautia katika mfuko wa mwenye shida. Desturi hiyo tuliikomesha, na tangu siku hiyo kila tunapoona tarakimu imeshuka twauliza: je, upotevu umekwisha, au umehamia kwa mwingine?

5. Taka

Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa likafukia nyumba na watu. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, na askari walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuokoa. Taka za jiji zima zilikuwa zikipelekwa pale miaka na miaka: za majumbani, za masoko, za maduka, na za ofisi. Hakuna anayeweza kusema mfuko wake haumo.

Kwa siku tano za kazi, tengeni taka katika mapipa matatu: mabaki ya chakula na majani, karatasi, na plastiki pamoja na chupa. Jioni pimeni kila pipa kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Mkishajua uzito wa kila aina mtajua la kufanya. Mabaki ya chakula huoza yakawa mbolea ya bustani ya kituo. Chupa za plastiki wapo vijana wanaozikusanya na kuziuza. Kaveera ziachwe tangu mwanzo, kwa kila anayetumwa sokoni kubeba kikapu.

Karatasi za polisi zinahitaji uangalifu wa pekee. Karatasi yenye jina la mlalamikaji haifai kuonekana barabarani imefunga njugu. Ichanwe vipande vidogo, iloweshwe hadi maandishi yasisomeke, ndipo itolewe, na afisa mmoja ashuhudie. Kuna siku kulinda mazingira na kulinda siri za raia huwa kazi moja.

6. Vielelezo vilivyojaa uani

Jambo hili kwetu limejaa tele: magari na boda boda zilizoshikiliwa kama vielelezo. Hukaa jua na mvua, mafuta yakivuja ardhini, betri zikipasuka, na maji yakituama ndani ya magurudumu ambamo mbu huzaliana. Wakati huo huo mwenye pikipiki, ambaye huenda ndiyo riziki yake ya pekee, anasubiri.

Hatuwezi kuviuza wala kuvitupa kwa matakwa yetu. Mahakama ndiyo yenye kauli. Lakini kuhesabu twaweza. Andikeni kila chombo, tarehe kilipoingia, namba ya jalada na hatua ya kesi. Tulipofanya hivyo kwetu tulikuta vyombo ambavyo kesi zake zilikwisha zamani, na wenyewe hawakupata kuambiwa waje wavichukue. Kwa vile ambavyo kesi ingali hai, mpelelezi anaweza kuomba amri ya mahakama mapema. Vinavyobaki viwekwe juu ya sakafu ya saruji ikiwezekana, na chombo kinachovuja kiwekewe karai chini, kwa idhini ya mpelelezi na baada ya kupigwa picha, ili ushahidi usiharibike.

7. Nani ashike daftari

Msimpe kazi hii mtu mmoja na kumwacha peke yake. Mkuu wa kituo awe mdhamini. Askari mmoja asome mita. Dereva aandike mafuta. Mfanyakazi wa usafi apime taka, tena asikilizwe, maana yeye anajua upotevu wetu kuliko afande yeyote. Mwisho wa mwezi ukurasa mmoja ubandikwe kwenye ubao wa mapokezi, mahali ambapo mwananchi anaweza kuusoma. Tarakimu ikipanda, ibandikwe vile vile. Mwenyekiti wa kijiji na wazee wa kamati ya polisi jamii waalikwe kila robo mwaka kuyakagua mahesabu na kutembezwa uani.

Lile shimo la nyuma tulilifukia, tukapanda miembe miwili juu yake. Yule mama alirudi wiki kadhaa baadaye kuulizia shauri lake. Tulimweleza kwamba jirani yake tulimtembelea, tukamwonyesha namna ya kutenga taka, naye akakubali. Kisha tukamwomba radhi kwa yale aliyoyaona siku ile. Mama alitazama dirishani tena, akasema, "Sasa mkienda kumwambia, atawasikia." Kisha akaaga, akaenda zake.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kituo

1. Mwezi uliopita gari letu la doria lilitumia lita ngapi kwa kilomita 100? Kama hatujui, ni kwa nini?
2. Je, kuna gharama yoyote ya ofisi ambayo tumemhamishia mwananchi bila kukusudia?
3. Uani kuna vyombo vingapi ambavyo kesi zake zimekwisha, na wenyewe wamearifiwa?
4. Mwananchi akisimama mapokezi akatazama nje ya dirisha letu, ataona nini?