Kwa Nini Protini Pekee Haitoshi: Kichocheo katika Chanjo za UVIKO-19

Chanjo za UVIKO-19 zinazotengenezwa kwa protini hazina kirusi kizima ndani yake, kiwe hai au kimeuawa. Nyingi hubeba protini ya mwiba, au sehemu yake, ambayo kirusi huitumia kujishikiza kwenye seli ya binadamu. Usafi huo ni sifa, lakini ni udhaifu pia: mwili ukikutana na protini isiyoandamana na dalili yoyote ya uvamizi, huijibu kwa unyonge.

Udhaifu huo ulionekana wazi katika jaribio la awali la chanjo ya Novavax, lililofanyika Australia mwaka 2020 kwa watu wazima 131. Waliodungwa mikrogramu 25 za protini bila kichocheo walitengeneza kingamwili chache. Waliodungwa mikrogramu 5 tu pamoja na kichocheo cha Matrix-M walitengeneza nyingi, na waliopata kichocheo hicho na mikrogramu 25 hawakuwazidi kwa kiasi cha maana. Hivyo, kuongeza protini si dawa ya kinga dhaifu.

Matrix-M hutokana na saponini, dutu zitoazo povu kama sabuni, zilizomo katika magome ya mti wa Quillaja saponaria wa nchini Chile. Saponini hizo huunganishwa na kolesteroli na fosfolipidi kuwa chembe ndogo mno. Zikidungwa msulini, huvuta seli za kinga hadi mahali pa sindano na katika mitoki ya karibu, ambako protini huonyeshwa kwa seli T na seli B. Kichocheo hichohicho kimo katika chanjo ya malaria ya R21, iliyojaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo na Kilifi, miongoni mwa maeneo mengine.

Mkono kuuma na mwili kuchoka kwa siku moja au mbili ni sehemu ya kazi hiyo, na mgonjwa aelezwe hivyo kabla ya kuchanjwa. Asiyeumwa naye asidhani chanjo imeshindwa. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kuishiwa pumzi ni jambo jingine kabisa: hutokea kwa nadra, lakini huhitaji uchunguzi hospitalini siku hiyohiyo.

Kwa mhudumu, protini na kichocheo cha chanjo ya Novavax huja vikiwa vimechanganywa tayari. Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, wala haigandishwi.