Nani Atafungua Mlango? Taharuki katika Mitaa ya Eastlands

Msomaji wa *Simu ya Kifo* (1965) ya Faraj Katalambulla, hata akishtuka, ana tumaini: yupo mpelelezi. Je, mke na mume wa kawaida wakiwindwa na wauaji Dandora au Kayole, wamkimbilie nani? Filamu ya *Nairobi Half Life* (2012), iliyoongozwa na David Gitonga, inajibu kwa uchungu: humo polisi wafisadi hushirikiana na wahalifu, kisha huwaua. Kwa hivyo taharuki ya Eastlands haitokani na swali "nani aliua?" bali "nani atafungua mlango?" Jirani ndiye kinga, lakini pia, kikulacho ki nguoni mwako. Mwanafunzi achunguze: mlango ukigongwa usiku, wahusika wanamwamini nani? Hapo ndipo dhamira ilipo.