Saikolojia Tunayoisoma na Ukimya wa Mtoto Darasani

Kila mwanachuo wa ualimu hukutana na somo la saikolojia, naye mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea shahada ya elimu hukutana nalo kwa mapana zaidi. Mpango wa masomo hayo wafanana karibu popote. Huanza na historia, ambayo kwa desturi huhesabiwa tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Kisha huja ukuaji wa mtoto, kujifunza, kumbukumbu, akili, motisha na upimaji. Mwisho huja takwimu na namna ya kuendesha majaribio. Sehemu hii ya mwisho wengi huichukia. Sisi twaona kwamba ndiyo imfaayo zaidi mwalimu wa shule ya msingi, maana humzoeza kuuliza: jambo hili lilijulikanaje, na ni watoto gani waliopimwa?

Tuchukue jaribio lililomo katika karibu kila kitabu cha somo hili. Mtoto huonyeshwa bilauri mbili zilizo sawa, zenye maji sawa. Maji ya bilauri moja humiminwa katika bilauri nyingine iliyo nyembamba na ndefu, kisha mtoto huulizwa maji mengi yako wapi. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, alionyesha kwamba watoto wadogo kwa kawaida huitaja ile ndefu, na kwamba kufikia umri wa miaka saba hivi wengi hutambua kuwa kiasi hakikubadilika.

Mwanachuo huandika umri huo katika daftari, huukariri na kuujibu katika mtihani. Tuseme basi kwamba amekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hapa Katandala, akalifanya jaribio hilo kwa mtoto wa miaka tisa, na mtoto akaonyesha bilauri ndefu, au akainamisha kichwa asiseme neno. Je, aandike kwamba mtoto huyo ana akili nzito? Neno hilo likishaingia katika kumbukumbu za darasa, halifutiki upesi. Mwalimu ajaye atalisoma kabla hajamwona mtoto mwenyewe, naye atamweka nyuma na kumwuliza maswali machache.

Mwaka 1966 Patricia Greenfield alichapisha matokeo ya jaribio hilohilo miongoni mwa watoto wa Kiwolof nchini Senegali. Mtafiti alipoyamimina maji mwenyewe, watoto wengi ambao hawakuwa wamesoma walishindwa, na baadhi yao walieleza kwamba maji yamebadilika kwa kuwa yeye ndiye aliyeyamimina. Watoto walipopewa bilauri wamimine wenyewe, majibu sahihi yaliongezeka sana. Maji yalikuwa yaleyale na umri uleule. Kilichobadilika ni mkono ulioshika bilauri.

Jirani zaidi na kwetu, Sara Harkness na Charles Super walifanya utafiti Kokwet, kijiji cha Wakipsigisi katika nyanda za juu za Kenya, wakaandika mwaka 1977 juu ya ugumu wa kuwapima watoto wa Afrika. Watoto walisimuliwa kisa kifupi, wakaombwa wakirudie mbele ya mtu mzima. Wengi walinyamaza. Watafiti hawakulichukulia hilo kuwa upungufu wa akili, bali waliangalia jinsi mtoto anavyozungumzishwa nyumbani. Huko mtoto hufunzwa kusikiliza na kutenda alilotumwa. Si desturi mkubwa kumwomba mtoto aeleze jambo ambalo mkubwa mwenyewe tayari analijua. Nani kati yetu aliyelelewa kijijini asiyelifahamu hilo? Kwa malezi hayo, mtoto aulizwapo swali mara ya pili na mwalimu, hudhani kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa kosa, akalibadili kwa adabu tu.

Hata chombo cha kupimia kina nguvu yake. Zambia, inayopakana na mkoa wetu wa Rukwa, ilihusika katika utafiti wa Robert Serpell uliotolewa mwaka 1979. Watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, walitakiwa kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi Waingereza walishinda; kwa waya walishinda Wazambia, ambao wamezoea kujitengenezea magari ya waya; kwa udongo wa kufinyanga hapakuwa na tofauti kubwa. Mtu angepima kwa penseli peke yake, angerudi na habari potofu kabisa.

Wapo watakaosema kwamba, ikiwa ni hivyo, tuwaache akina Piaget na vitabu vyao. Hatukubaliani nao. Greenfield alitumia swali la Piaget. Alichobadili ni namna ya kuliuliza, na bila swali hilo asingegundua lolote.

Kwa hiyo mwanachuo aendaye mazoezini na achukue bilauri zake, lakini ampe mtoto amimine mwenyewe. Kama mtoto amehamia juzi kutoka kijijini na Kiswahili chake bado kichanga, aulizwe kwa Kifipa, na kama mwanachuo hakijui lugha hiyo, amtumie mtoto mkubwa wa darasa la tano au la sita. Inafaa pia kumwacha mtoto amweleze mwenzake, mwalimu akiwa kando anasahihisha madaftari huku ametega sikio. Maharage au punje za mahindi zinaweza kutumika badala ya maji, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo baridi ya Ufipa hufanya vidole vya watoto kuwa vizito kuliko akili zao.

Katika daftari lake aandike swali kama lilivyoulizwa, lugha iliyotumika, nani aliyekuwapo, na kile alichofanya mtoto kwa mikono kabla ya kile alichosema. Baada ya wiki mbili amwombe mwanachuo mwenzake arudie jaribio kwa mtoto yuleyule bila kuonyeshwa maandishi ya kwanza, ndipo waketi pamoja wayalinganishe.