SOMO: MCHANGA KATIKA MEZA YA VITA

Wako watu wazima wachezao vita mezani kwa visanamu vya askari. Asili ya mchezo huo ni Prussia. Huko Baron von Reisswitz alitengeneza vilima na mabonde kwa mchanga ili kufundisha mambo ya vita. Alipotakiwa kumwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu, aliona mchanga ni duni mno kwa mfalme. Basi mwaka 1812 akampelekea meza nzuri yenye vigae vya plasta. Vigae vilipangika upya, lakini kilima cha plasta ni kile kile siku zote. Mimi naona mchanga ulionewa.

Kweli, mchanga mkavu huporomoka. Ukilowa hushikamana, kisha hukauka. Lakini siku hizi uko mchanga wa kuchezea watoto uliotiwa mafuta ya silikoni, kama sehemu 2 katika 100. Mafuta hayo hayakauki upesi kama maji, na chembe hushikana zenyewe kuliko kushika mikono.

Tumia sinia yenye kingo. Fanya vilima vipana, maana mchanga huu hutiririka polepole sana. Kilima chembamba ukikiacha usiku, asubuhi utakikuta kimelala. Ukitaka mlima mrefu, zika kipande cha ubao ndani yake. Mto uwe kitambaa cha buluu, wala si maji. Mchezo ukiisha, bomoa vyote, urudishe mchanga katika kopo lenye kifuniko.