Kuingiza Miamala ya Zamani katika Programu ya Bajeti

Mtu anayeanza kutumia programu ya bajeti katika simu yake hupenda kuingiza miamala ya miezi iliyopita, ili ajue mapema fedha zake huishia wapi. Tunaunga mkono jambo hilo, ila tunatahadharisha kuwa taarifa mbili zilizo sahihi zinaweza kutoa hesabu ya uongo zikiunganishwa bila uangalifu.

Chukulia mfanyakazi anayepokea mshahara wa shilingi 600,000 kupitia benki. Anahamisha shilingi 200,000 kwenda kwenye akaunti yake ya pesa za simu, kisha anatumia shilingi 150,000 kwa chakula, nauli na umeme. Akiingiza taarifa ya benki na ya simu, zile 200,000 zitaonekana mara mbili: benki zimetoka, kwenye simu zimeingia. Programu isiyoelekezwa itasema mapato ni 800,000 na matumizi 350,000. Ukweli ni 600,000 na 150,000, ukiacha makato. Iwapo atachukua mkopo kwa kutegemea mapato hayo hewa, marejesho yatamlemea. Kwa hiyo, fedha ulizohamisha baina ya akaunti zako mwenyewe ziwekwe katika fungu la uhamisho. Makato ya kuzihamisha pekee ndiyo matumizi.

Tarehe nazo huponza. Kwetu 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili, lakini programu iliyotengenezwa Marekani inaweza kuisoma kuwa tarehe 4 Machi. Ingiza mwezi mmoja kwanza, ukianza na salio la mwanzo wa mwezi huo, kisha linganisha salio la mwisho na lililoandikwa katika taarifa ya benki. Yakipishana hata kwa shilingi mia, tafuta sababu kabla ya kuendelea na miezi mingine.

Taarifa ya miamala hubeba pia majina na namba za watu uliowatumia fedha, nao hawakuombwa ridhaa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayekusanya taarifa zako anapaswa kukueleza madhumuni yake. Soma maelezo hayo kabla ya kukubali. Programu inayodai namba yako ya siri usiipe kamwe, kwani kusoma miamala iliyokwisha kufanyika hakuihitaji. Ukimaliza, futa faili ulilopakua, hususan ikiwa ulitumia kompyuta ya duka la intaneti au simu ya familia.