Sikio lililotogwa ni kidonda, litunze hadi lipone

Kutoga masikio si jambo geni kwetu. Katika jamii nyingi za Kenya wazee walitoga ndewe na kuzitanua, na wanawake wa Pwani wamevaa vipini puani kwa vizazi vingi. Lililobadilika ni kwamba vijana wa mijini, wa kike kwa wa kiume, siku hizi hutoboa pia sehemu ya juu ya sikio, kitovu, ulimi na hata nyusi. Wengi huuliza bei na uzuri wa kipuli. Ni wachache waulizao jinsi ya kutunza kidonda.

Naam, tundu jipya ni kidonda. Ngozi ndiyo ukuta unaozuia viini kuingia mwilini, na sindano huuacha ukuta huo wazi. Mwili huanza kujenga ngozi mpya kutoka kwenye kingo kuelekea ndani. Kwa sababu hiyo, tundu huweza kuonekana limepona kwa nje, hali ndani bado ni bichi.

Ndewe, yaani nyama laini ya chini ya sikio, huchukua wiki 6 hadi 8 kupona. Sehemu ya juu ya sikio huweza kuchukua miezi 3 hadi 12, na kitovu miezi 6 hadi 12. Usibadilishe kipuli kabla ya muda huo kwisha.

Utunzaji wa kila siku

Kwanza, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa tundu. Mikono ndiyo gari kubwa la viini.

Pili, safisha tundu mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi. Chemsha nusu lita ya maji, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha yaache yapoe. Lowesha kitambaa safi cha shashi, ukiweke juu ya tundu kwa dakika chache hadi ukoko ulainike na kutoka wenyewe. Usiubandue kwa kucha.

Tatu, kausha kwa shashi au karatasi safi. Taulo la familia hubeba viini, na nyuzi zake hunasa kwenye kipuli.

Nne, usipake spiriti, dawa ya meno, majivu wala mafuta ya kupikia. Spiriti huunguza ngozi changa na kuchelewesha kupona, na vitu hivyo vingine huweza kuingiza uchafu.

Tano, usizungushe kipuli. Wengi wameambiwa wakizungushe ili kisigande, lakini kufanya hivyo huchana ngozi mpya na kusukuma uchafu ndani.

Aliyetoboa ulimi asukutue kwa maji ya chumvi kila baada ya kula, na aepuke sigara na pombe hadi apone.

Dalili za kawaida na za hatari

Siku za kwanza ni kawaida kuona wekundu kidogo, uvimbe mdogo na majimaji meupe yanayokauka kuwa ukoko. Mwasho na vipele pale kipuli kinapogusa ngozi huenda vikatokana na nikeli, madini yanayotiwa katika vipuli vya bei rahisi. Titani au dhahabu halisi isiyochanganywa na nikeli ni salama zaidi.

Lakini uvimbe ukizidi, maumivu yakipwita, usaha wa manjano au kijani ukitoka, au homa ikipanda, nenda kwa daktari. Using'oe kipuli mwenyewe. Tundu likijifunga usaha hubaki ndani na kugeuka jipu. Mwache daktari aamue.

Hatari ya sehemu ya juu ya sikio

Sehemu hii imejengwa kwa gegedu, ambayo haina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando mwembamba unaoifunika. Usaha ukijaa kati ya utando na gegedu, chakula hukatika na gegedu hufa. Sikio hujikunja kama jani lililonyauka, na kulirudishia umbo lake huhitaji upasuaji mgumu.

Dalili yake ni rahisi kuitambua: sehemu ya juu ni nyekundu, imevimba na inauma sana ikiguswa, lakini ndewe haikuguswa na uvimbe. Ukiona hivyo, muone daktari siku hiyo hiyo. Usikimbilie kununua amoksilini dukani. Kiini ambacho mara nyingi husababisha ugonjwa huu huishi katika maji na hakisikii dawa hiyo. Siku unazopoteza ukiimeza ndizo sikio linazoharibikia.

Makovu yanayokua

Kuna watu ambao kovu lao haliishii kwenye kidonda, bali huendelea kukua hadi kuwa nundu ngumu. Hii ni keloidi, nayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi na hufuata ukoo. Ikiwa wewe, mzazi wako au ndugu yako anayo, afadhali usitoboe kabisa. Keloidi ikikatwa bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi ikiwa kubwa zaidi.

Mwisho, ikiwa ulitobolewa kwa sindano iliyotumiwa na mwingine, usingoje dalili. Nenda hospitalini upesi upimwe virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Dawa za kuzuia Ukimwi hufaa tu zikianzwa kabla ya saa 72 kupita.