Mapanga ya Mtambo wa Upepo: Mwongozo wa Kuchagua Malighafi

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mafundi, vikundi vya vijana, walimu wa ufundi na kaya zinazotaka kujitengenezea mtambo mdogo wa upepo wa kuchaji betri. Jenereta ikiharibika, taa huzimika. Panga likikatika, huweza kuua mtu. Ndiyo maana tunasisitiza: unapochagua malighafi ya mapanga, tangulia kuuliza usalama, kisha uulize bei.

Panga hubeba mzigo gani?

Chukua mtambo wa mapanga matatu, kila moja likiwa na urefu wa mita 1.2. Ukizunguka mara 400 kwa dakika, ncha za mapanga hukimbia takriban kilomita 180 kwa saa. Panga la kilo 2, ambalo kitovu cha uzito wake kiko nusu mita kutoka kwenye mhimili, huvuta bolti zake kana kwamba zimening'inizwa mzigo wa kilo 180 hivi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mvuto huo huongezeka mara nne.

Isitoshe, panga hupinda na kunyooka kidogo katika kila mzunguko, yaani mara 24,000 kwa saa moja. Kunja waya huku na huku mahali pamoja uone: mwishowe hukatika, ingawa hakuna mkunjo hata mmoja uliotosha kuukata. Kwa hiyo malighafi bora ni ile iliyo nyepesi na isiyochoka upesi. Ugumu peke yake hautoshi.

Mbao: chaguo la kwanza

Mbao ni nyepesi, hustahimili kupinda mara nyingi, na seremala yeyote mwenye randa na patasi anaweza kuzichonga. Hugh Piggott, fundi wa Scoraig huko Uskoti, amejenga mitambo ya mapanga ya mbao kwa miongo kadhaa, na michoro yake imefuatwa na mafundi wa nchi nyingi.

Paini na saipresi zinafaa. Mninga na mkongo ni mbao za heshima kwa milango na vitanda, lakini kwa panga ni nzito. Ukifika kwa muuza mbao, kagua haya:

- Nyuzi. Ziwe zimenyooka kufuata urefu wa ubao. Nyuzi zinazokwenda mshazari hupasuka kirahisi.
- Mafundo. Kataa ubao wenye fundo, hasa upande utakaofungwa bolti, kwa kuwa hapo ndipo mzigo ulipo mkubwa zaidi.
- Ukavu. Pima uzito wa ubao, uweke kivulini penye hewa kwa wiki moja, kisha upime tena. Ukipungua, bado una maji, subiri.
- Ulinganifu. Mapanga yote yatoke kwenye ubao mmoja, au mbao zinazofanana kwa aina na uzito.

Ukimaliza kuchonga, piga msasa na upake vanishi au rangi ya mafuta pande zote, pamoja na ndani ya matundu ya bolti. Maji yakiingia panga moja, uzito hutofautiana na mnara mzima hutikisika.

Bomba la plastiki: kwa mitambo midogo tu

William Kamkwamba, kijana wa Wimbe nchini Malawi, alitumia bomba la PVC kwa mtambo wake wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, akilipasha moto na kulinyoosha. Bomba ni rahisi kupatikana, na mviringo wake hulipa panga umbo bila kuchonga. Lakini jua hulidhoofisha mpaka livunjike vipande vyenye makali, na joto hulilegeza. Tumia bomba nene, na kipenyo cha mzunguko wa mapanga kisizidi mita moja na nusu. Usilichome kwenye moto wa wazi: PVC ikiungua hutoa gesi yenye sumu. Likipauka au kuonyesha nyufa, libadilishe.

Bati, alumini na chuma: usitumie

Chuma ni kizito, na alumini huchoka. Ufa huanza kwenye tundu la bolti bila kuonekana, kisha panga hukatika ghafla.

Faiba: kwa mwenye ujuzi

Mapanga ya viwandani hutengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi maalumu. Mafundi wa boti za faiba wa Pwani wanaijua kazi hii. Inahitaji kalibu, barakoa na glavu, kwani vumbi lake hudhuru mapafu.

Kabla na baada ya kupandisha mtambo

1. Pima kila panga kwa mzani. Yote yawe na uzito sawa.
2. Jaribu mtambo mbali na watu. Usisimame ubavuni mwake, kwenye mstari wa mzunguko wa mapanga.
3. Kagua mapanga na bolti kila baada ya miezi mitatu, na baada ya kila dhoruba.
4. Ukiona ufa, simamisha mtambo siku hiyohiyo. Usiuzibe kwa gundi wala rangi. Weka panga jipya.